Viti vitatu tangu enzi za babu: barua zenu kuhusu SGP ya Uholanzi

Toleo lililopita tuliandika kuhusu uchaguzi wa Uholanzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, na mstari mmoja tu uliitaja SGP, yaani Staatkundig Gereformeerde Partij, chama cha Wakalvini (Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya Yohana Kalvini) wa msimamo wa kale, kilichotoka na viti 3 kati ya 150. Mstari huo umeleta barua kuliko habari yenyewe. Hizi ndizo tulizozichagua.

Mhariri, habari za kazi. Mmesema chama hiki kimo bungeni tangu 1922. Vyama vya dini ninavyovifahamu ama hushika dola ama husambaratika. Hiki kimeishi vipi miaka mia na ushee kwa viti viwili, vitatu? – Msomaji, Tanga

Salama, ndugu yetu. SGP ilianzishwa tarehe 24 Aprili 1918 mjini Middelburg, mkoa wa Zeeland. Uchaguzi wa mwaka huo haukuipa kitu. Mwaka 1922 mchungaji wa Yerseke, Gerrit Hendrik Kersten, aliingia bungeni peke yake. 1925 wakawa wawili, 1929 watatu. Bunge lilipopanuliwa mwaka 1956 kutoka viti 100 hadi 150, chama kilitulia kwenye 3, na tangu hapo hakijapanda zaidi wala kushuka chini ya 2. Kilipoteza kimoja 1994, kikakirudisha 1998, kikakipoteza tena 2002, kikakipata 2012, na hadi leo kinacho.

Chanzo chake ni ugomvi wa ndugu. Chama kikubwa cha Wakalvini wakati ule, ARP cha Abraham Kuyper, kilikuwa kimekubali kutawala pamoja na Wakatoliki na kuishi na serikali isiyoegemea dini. Ungamo la imani la mwaka 1561 wanalolifuata Wakalvini wa Uholanzi lina kifungu cha 36, kinachoipa serikali wajibu wa kuondoa ibada ya sanamu na dini ya uongo. Makanisa ya upande wa Kuyper yaliyafuta maneno hayo mwaka 1905. Kersten na wenzake walitaka kifungu kibaki kizima, na mpaka leo SGP inakishikilia hivyo. Hapo utaelewa kwa nini kwa miongo mingi chama kilijiita cha kushuhudia: mbunge alisimama, akasoma Maandiko, akasema serikali imekosea, akaketi. Hakuna aliyetarajia apate wizara.

Sasa kuhusu kuishi kwake. Mpiga kura wa SGP hatafutwi barabarani. Anazaliwa. Kuna ukanda unaoanzia Zeeland kusini magharibi, unapita Betuwe na Veluwe, unaishia Staphorst na Urk, mji wa wavuvi uliokuwa kisiwa. Wenyewe wanauita Ukanda wa Biblia. Familia zina watoto wengi kuliko wastani wa nchi, shule ni zao, na tangu 1971 wana gazeti lao la kila siku, Reformatorisch Dagblad. Kijana anayebaki kanisani kwa kawaida hubaki na kura ya kanisa, na jumuiya ya vijana wa chama imekuwa miongoni mwa kubwa za vyama nchini. Wanaozaliwa wanaongeza, wanaoondoka kanisani wanapunguza, na jumla yake inakaa palepale: asilimia 1.87 mwaka 1989, 1.56 mwaka 2006, 2.09 mwaka 2012, 2.08 mwaka 2023.

Walinganishe na CDA, chama kikubwa cha Kikristo kilichozaliwa 1980 kwa kuunganisha Wakatoliki na Waprotestanti. Mwaka 1989 kilikuwa na viti 54. Mwaka 2023 kilibaki na 5, kisha 2025 kikapanda hadi 18. Wapiga kura wake walishikwa na mazoea, na mazoea yalipokatika walikuwa na vyama kumi vingine vya kwenda. Kwa maoni yetu, uthabiti wa SGP usichukuliwe kuwa dalili ya kupendwa. Hicho ni chama kisichomwomba mtu wa nje akipe kura, kwa hiyo wa nje wakikasirika hakina cha kupoteza.

Kuna doa ambalo wasifu wake mfupi huliruka: baada ya vita, mwaka 1945, Kersten alizuiwa kurudi bungeni kwa sababu ya msimamo wake wakati nchi ilipokaliwa na Wajerumani. Kiti chake kikachukuliwa na wengine, na chama kikaendelea kama kawaida.

Nipigieni hesabu hatua kwa hatua. Huku kwetu asilimia 2 hata udiwani hupati. Viti vitatu vinatoka wapi? – Mwanafunzi wa sayansi ya siasa, Nairobi

Kwa upande wa hesabu, Uholanzi nzima ni jimbo moja. Kura ya Urk na ya Amsterdam zinaingia kapu moja, kisha mambo huenda hivi.

Chukua kura zote halali. Mwaka 2021 zilikuwa 10,422,852. Zigawe kwa 150; unapata 69,485 na sehemu. Hicho ndicho kigawanyo, yaani bei ya kiti kimoja. Ndicho pia kizingiti: chama kisichokifikia hakipati chochote, hata masalio. Ni kama asilimia 0.67 ya kura. Ujerumani kizingiti ni asilimia 5, na kwa asilimia 5 SGP ingekuwa historia.

Gawa kura za chama kwa kigawanyo. SGP mwaka huo ilipata 215,249, sawa na 3.10. Viti vitatu kamili, na juu yake zikabaki kura 6,792. Tazama ulivyo mwembamba ukingo huo: kura elfu sita na kitu, nchi nzima, ndizo zilizokitenganisha chama na hatari. Mwaka 2023 ilikuwa 3.12. Hawana akiba kubwa.

Baada ya viti kamili kugawiwa, vinabaki vichache visivyo na mwenyewe. Hivyo ni viti vya masalio, na ndipo wanafunzi wengi wanapokosea. Wanadhani mwenye desimali kubwa ndiye anayepata. Sivyo. Kwa kila kiti cha masalio unauliza: chama hiki kikiongezewa kiti kimoja, kila kiti chake kitakuwa kimelipiwa kura ngapi? Mwenye wastani mkubwa anachukua. Kanuni hiyo inawabeba wakubwa. Mwaka 2010 SGP ilipata kura 163,581, sawa na 2.61 ya kigawanyo. Ungezidisha asilimia yake 1.74 kwa 150 na kukadiria, ungesema viti 3. Lakini 2.61 ikigawanywa kwa 3 inatoa 0.87 tu. VVD, chama kikubwa cha mwaka huo, kilikuwa na 30.74, ukikigawa kwa 31 unapata 0.99. Kiti kilienda huko, na SGP ikabaki na viti 2.

Wadogo walikuwa na dawa moja: kufungamanisha orodha. Vyama viwili au vitatu vinatangaza kabla ya uchaguzi kwamba kwenye masalio wahesabiwe kama chama kimoja, kisha wagawane wenyewe. Uchaguzi wa 1998 unaonyesha dawa hiyo ilivyofanya kazi. Mwaka 1994 SGP ilipata kura 155,251 na viti 2. Mwaka 1998 ilipata 153,583, pungufu ya zile za kwanza, na ikapewa viti 3. Mambo mawili yalikutana. Waliojitokeza walishuka kutoka kama asilimia 79 hadi 73, kigawanyo kikashuka kutoka takriban 59,900 hadi 57,400, na wapiga kura wa SGP ni watu wa kwenda kituoni mvua inyeshe isinyeshe. Pili, orodha yake ilifungamanishwa na za GPV na RPF, vyama vingine viwili vya Kiprotestanti. Kwa pamoja walifikia 7.6 ya kigawanyo, wakapata kiti cha nane, na SGP ikafaidika.

Dawa hiyo haipo tena. Sheria iliifuta baada ya uchaguzi wa 2017, na 2021 ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza bila kufungamana. Tangu hapo SGP inalazimika kufika 3 kamili au kukaribia sana, kwa miguu yake yenyewe.

Mambo mengine mawili kwa daftari lako. Chama kisicho na kiti bungeni huweka dhamana ya euro 11,250 ili kigombee, na hurudishiwa kikifikia robo tatu ya kigawanyo. Wenye viti tayari hawalipi. Na mgombea aliye chini kwenye orodha anaweza kuwaruka wa juu akipata yeye binafsi zaidi ya robo ya kigawanyo, ilimradi chama chake kina kiti cha kumpa.

Assalaam alaykum. Je, chama kama hiki kingesajiliwa Kenya au Tanzania? Nakumbuka IPK. – Mzee wa Mombasa

Wa alaykum salaam, mzee wetu. Kisingesajiliwa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 91, inakataza chama kuanzishwa kwa msingi wa dini. Katiba ya Tanzania, ibara ya 20, inakataza kusajiliwa chama ambacho katiba au sera yake inakusudia kuendeleza maslahi ya imani au kundi la dini. IPK uliyoitaja, Islamic Party of Kenya, ilinyimwa usajili mwaka 1992, miaka mingi kabla ya katiba mpya, kwa hiyo mwiko huo una mizizi kuliko maandishi ya 2010.

Uholanzi hakuna msajili anayesoma imani yako. Unakwenda kwa mthibitishaji wa hati, unaunda chama cha kiraia chenye hadhi kamili kisheria, unakiandikisha kwenye rejesta ya wafanyabiashara, kisha unaandikisha jina kwenye tume ya uchaguzi, Kiesraad, kwa dhamana ya euro 450. Tume inaangalia kama jina linafanana na la mwingine au linapotosha. Kupiga marufuku chama ni kazi ya mahakama, baadaye, kwa sababu nzito.

Hata kama sheria ingeruhusu, hesabu ingekataa. Gawa watu milioni 18 wa Uholanzi katika majimbo 150. Kila jimbo linakuwa na watu kama 120,000. Urk, ngome kuu ya SGP, ina watu wasiozidi robo ya hao. Ngome zake nyingine ni miji midogo iliyotawanyika, na kila mmoja ungemezwa na majirani. Kwa mfumo wa jimbo moja mbunge mmoja, asilimia 2 ya kura ingeweza kuleta sifuri. Tanzania ina kipande kimoja cha mgao wa uwiano, viti maalumu vya wanawake, lakini hivyo vinahitaji chama kiwe na angalau asilimia 5 ya kura za ubunge. Tena ni vya wanawake, jambo linalotupeleka kwenye barua inayofuata.

Nimesikia chama hiki kilikataza wanawake kugombea. Katika Ulaya ya leo? Walishtakiwa? – Mama mwalimu, Dodoma

Walishtakiwa, na kesi ilichukua miaka. Msimamo wa chama ni kwamba Maandiko hayampi mwanamke nafasi ya kutawala. Kilipinga hata kura ya wanawake ilipoletwa mwaka 1919, na kwa muda mrefu kilikataa wanawake wawe wanachama kamili.

Wakfu unaofadhili kesi za haki za wanawake, uliopewa jina la Clara Wichmann, na wenzake waliishtaki serikali, kwa hoja kwamba inalipa ruzuku chama kinachobagua huku imetia saini mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2005 mahakama ya The Hague iliiamuru serikali isimamishe ruzuku. Mwaka 2006 chama kikafungua uanachama kwa wanawake, lakini si ugombea. Mwaka 2007 Baraza la Serikali, ambalo ndilo mahakama ya juu ya mambo ya utawala, likasema ruzuku ilipwe. Mahakama mbili, majibu mawili. Tarehe 9 Aprili 2010 Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua kwamba serikali haiwezi kukaa kimya wanawake wakifungiwa mlango wa ugombea. SGP ikaenda Strasbourg kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo mwezi Julai 2012 ililikataa lalamiko lake bila kulisikiliza zaidi.

Mwaka 2013 chama kikaondoa kizuizi kwenye kanuni zake. Kwenye kanuni tu. Maneno kuhusu nafasi ya mwanamke yalibaki katika misingi yake. Machi 2014 Lilian Janse alichaguliwa kuwa diwani Vlissingen, mwanamke wa kwanza wa SGP katika chombo cha kuchaguliwa. Alisimama kwa sababu tawi lile lilikosa mwanamume wa kuongoza orodha. Bungeni, hadi leo wabunge wake wote wamekuwa wanaume.

Kwenye sanduku la kura, mama, mabadiliko hayo hayakuonekana. Waliotabiri kwamba wahafidhina wangekimbia walikosea, na waliotabiri kwamba wanawake wa nje wangeingia walikosea pia.

Viti 3 kati ya 150 ni mapambo tu. Vinawasaidia nini waliowachagua? – Msomaji, Kigoma

Inategemea wakubwa wamegawanyika namna gani. Bunge la Uholanzi halijawahi kuwa na chama kimoja chenye wingi peke yake tangu mfumo huu uanze, na serikali zote ni za mseto. Siku ambazo mseto una viti vya kutosha, SGP inasema inachosema na hakuna anayegeuka. Siku ambazo mseto umepungukiwa na kimoja, simu zinalia.

Kisa cha kwanza ni cha usiku wa kuamkia tarehe 11 Novemba 1925, unaojulikana hadi leo kwa jina la Kersten. Kila mwaka alileta pendekezo la kufuta pesa za balozi wa Uholanzi Vatikani, na kila mwaka lilikataliwa. Mwaka huo CHU, chama cha Kiprotestanti kilichokuwa ndani ya serikali, kiliunga mkono, na wapinzani wakaona nafasi wakapiga kura pamoja nao. Pendekezo likapita. Mawaziri Wakatoliki wakajiuzulu, serikali ya Hendrikus Colijn ikaanguka, na nchi ikakaa miezi hadi 1926 bila serikali mpya. Chama chenye wabunge wawili kilifanya hivyo, na hakikupata chochote mkononi.

Kisa cha pili ni cha 2011. Serikali ya kwanza ya Mark Rutte ilitegemea VVD, CDA na kuungwa mkono na PVV cha Geert Wilders. Seneti ina viti 75 na huchaguliwa na mabaraza ya mikoa. Mwezi Mei watatu hao walipata 16, 11 na 10, jumla 37. Wingi ni 38. SGP ilikuwa na seneta mmoja. Hakukuwa na mkataba wa maandishi, lakini kila mtu aliona kwa nini serikali ilipunguza ghafla hamu ya kulegeza biashara ya Jumapili. Serikali hiyo ilipoanguka, sheria ya kuziachia manispaa ziamue zenyewe kuhusu maduka ya Jumapili ilipita mwaka 2013. Ushawishi wa namna hiyo unadumu kadiri upungufu wa wengine unavyodumu.

Oktoba 2013 walifanya kazi kwa ustadi zaidi. Serikali ya pili ya Rutte ilikosa wingi kwenye Seneti, na SGP pamoja na vyama vya D66 na ChristenUnie wakaipa kura za bajeti; SGP ikaondoka na nafuu kwa familia zenye watoto na kwa jeshi. Desemba 2024 tena, ikiwa na CDA, ChristenUnie na chama kingine, JA21, ilikubaliana na serikali kupunguza makato ya bajeti ya elimu.

Kaa na jambo hili: SGP haijawahi kuwa na waziri. ChristenUnie, jirani yake wa karibu kiimani aliyezaliwa 2000 kwa kuungana GPV na RPF, ilikaa serikalini 2007 hadi 2010, kisha 2017 hadi 2024, ikabeba kila uamuzi mchungu, na mwaka 2023 ikashuka kutoka viti 5 hadi 3. Leo ndugu hao wawili wako sawa, 3 kwa 3, mmoja amechoka na mwingine hana jasho. Sisi tunaona SGP imechagua njia ya faida zaidi kwa chama cha ukubwa wake. Kama ni njia ya faida kwa nchi ni swali jingine.

Assalaam alaykum. Ninaishi Rotterdam, mimi ni Muislamu wa asili ya Unguja. Chama hiki kinasema nini kuhusu shule na misikiti yetu, na mimi naweza kupiga kura dhidi yake? – Msomaji, Rotterdam

Wa alaykum salaam. Shule zenu zimo salama chini ya ibara ya 23 ya katiba, inayotoa pesa sawa kwa shule za serikali na za dini tangu 1917. Shule za Kiislamu zinalipwa kwa ibara hiyohiyo tangu 1988. SGP inailinda ibara 23 kwa nguvu zote kwa sababu shule zake zinakula hapo, na haiwezi kuwanyima nyinyi bila kujinyima. Kwenye misikiti ni tofauti: inapinga adhana kwa vipaza sauti, na kimsingi haikubali kwamba serikali iziweke dini zote kwenye mizani moja. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Kura ya bunge ni ya raia wa Kiholanzi pekee. Lakini kama huna uraia wa nchi ya Umoja wa Ulaya, una miaka 18, na umeishi kihalali mfululizo miaka 5, unaweza kuchagua baraza la manispaa unakoishi. Hujiandikishi, ukiwa kwenye rejesta ya wakazi, pasi ya kupigia kura inakuja kwa posta angalau siku 14 kabla. Hama nyumba bila kutoa taarifa, na pasi itakwenda anwani ya zamani. Kituoni unaonyesha pasi na kitambulisho, hata kilichoisha muda ndani ya miaka 5, kisha unajaza duara moja kwa penseli nyekundu. Ukijaza mawili, kura imeharibika.

Usipoweza kwenda, jaza nyuma ya pasi jina la atakayekupigia, utie saini, umpe na nakala ya kitambulisho chako. Lazima awe mpiga kura wa manispaa hiyohiyo, apige yako pamoja na yake kwa wakati mmoja, na asibebe zaidi ya mbili za watu wengine.

Kwa nini wanapiga kura Jumatano? – Msomaji, Bukoba

Kwa sababu Jumapili ingewafungia nje watu kama hawa. Gazeti lao hufunga hata tovuti siku hiyo. Ukiifungua Jumapili unakuta tangazo la kukuomba urudi Jumatatu. Uchaguzi wa Bunge la Ulaya huko hufanyika Alhamisi.

Uchaguzi ujao nataka kuufuatilia usiku huohuo. Niangalie nini kuhusu SGP? – Mwandishi wa habari chipukizi, Dar es Salaam

Vituo hufungwa saa 3 usiku saa za kule, na dakika hiyohiyo hutolewa makadirio ya wanaotoka vituoni. Kwa vyama vikubwa yanaaminika kiasi. Kwa chama cha viti 3, kosa la kiti kimoja ni theluthi ya chama, kwa hiyo usiandike kichwa cha habari kwa makadirio hayo. Matokeo ya manispaa hufuata usiku kucha. Ndogo humaliza kuhesabu mapema, na SGP ina nguvu kwenye ndogo; asilimia yake ya saa za kwanza itakuwa ya juu, kisha miji mikubwa itaishusha.

Tafuta idadi ya waliojitokeza. Wakiwa wachache, SGP hufaidika kama 1998. Lakini usiifanye sheria: mwaka 2017 walijitokeza karibu asilimia 82 na bado ilipata kura 218,950 na viti 3, kwa kuwa kura zake nazo ziliongezeka.

Angalia pia majirani. Kati ya 2010 na 2012 kura za SGP zilipanda kutoka 163,581 hadi 196,780. Watoto hawazaliwi wakafika miaka 18 ndani ya miaka miwili. Maelezo yenye mantiki ni Wakristo waliohama vyama vingine. CDA pekee mwaka huo ilianguka kutoka viti 21 hadi 13. Kwa hiyo CDA ikipanda, kama 2025, jiulize kama inawavuta hao warudi. Mwaka huo haikuwavuta vya kutosha, kwani SGP, sasa chini ya Chris Stoffer aliyechukua nafasi ya Kees van der Staaij mwaka 2023, ilibaki na 3.

Mwisho, weka kikokotoo karibu. Jumla ya kura halali gawa kwa 150, zidisha kwa 3, toa kwenye kura za SGP. Jibu likiwa chanya, andika. Likiwa hasi kwa elfu chache, kiti cha tatu kinaweza kuja kwenye masalio au kisije, na hapo subiri Kiesraad itoe matokeo rasmi, ambayo huchukua siku kadhaa baada ya uchaguzi.